Wiki Mbili za Bi Enid Iveson

Jumapili ya tarehe 6 Oktoba 2024, mara baada ya ibada ya Mavuno, Bi Enid Iveson atastaafu kazi ya kutunza Kanisa la Methodisti la Skelbeck, hapa bondeni kwetu. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka arobaini na miezi kumi. Katika muda huo wachungaji kumi na wawili wamekuja na kuondoka, majiko mawili yamekwisha, na paa limeezekwa upya mara moja. Yeye hakuchoka, au kama alichoka hakutuambia.

Kazi yenyewe hakuiomba. Desemba 1983, mtunza kanisa wa wakati huo aliteleza kwenye barafu mlangoni akavunjika nyonga. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Septimus Calvert, baba mkwe wangu, mtu asiyependa maneno mengi. Alivuka barabara akabisha hodi nyumba inayotazamana na kanisa. Bwana Clifford Iveson, mfanyakazi wa barabara, alikuwa ameoa miezi mitatu kabla, na mkewe Enid alikuwa mgeni kabisa bondeni, mzaliwa wa mji wa viwanda.

"Binti, unajua kuwasha jiko la makaa ya mawe?" akamuuliza.

"Najua."

"Basi tushike mkono wiki mbili, mpaka tupate mtu."

Mpaka leo huyo mtu hatujampata. Mzee Septimus alifariki mwaka 1998 bila kumwambia kwamba wiki mbili zimekwisha, na Bi Enid naye anasema aliona si adabu kumkumbusha.

Kanisa letu lina mwaka wake, na mwaka huo haufanani sana na ule uliochapishwa kwenye kalenda ya sakiti, yaani umoja wa makanisa ya jirani. Wakati wa baridi kazi kubwa ni moto. Jiko lisipowashwa saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nne na nusu waumini wanaimba huku pumzi zao zikionekana. Bi Enid aliliwasha kila Jumapili. Theluji ikiziba barabara, Clifford alitangulia na sepetu, naye akamfuata nyuma na ndoo ya makaa. Januari 2010 tulikuwa watatu tu ibadani, yeye, Clifford na mimi, na mhubiri hakuweza kufika. Tuliimba nyimbo nne, Clifford akasoma zaburi kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani, tukanywa chai, tukaenda zetu. Kwenye daftari la mahudhurio Bi Enid aliandika: "Watatu. Joto la kutosha."

Aprili wanaume hawaonekani kanisani, kwa kuwa kondoo wanazaa na kondoo hawajui Jumapili. Wahubiri wageni huona viti vitupu wakadhani imani imepungua. Bi Enid aliwapokea mlangoni na kuwaeleza mapema, wasije wakatukemea bure. Pasaka moja mke wa mfugaji alikuja na wana-kondoo wawili yatima ndani ya boksi, maana nyumbani hapakuwa na wa kuwanywesha maziwa. Bi Enid aliliweka boksi karibu na jiko. Mhubiri alipofika kwenye habari za kaburi lililo wazi, wana-kondoo wakaanza kulia wote wawili. Akaenda akawanywesha, huku akimpungia mhubiri mkono aendelee.

Halafu ni Julai, msimu wa kukata na kuanika nyasi za kulisha mifugo wakati wa baridi. Julai 1987 mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo, kisha Jumapili moja jua likachomoza. Mhubiri wa zamu alikuwa Bwana Ormerod, mwalimu mstaafu kutoka mjini, aliyevaa suti nyeusi. Alimkuta Bi Enid peke yake.

"Wako wapi watu?" akauliza.

"Shambani. Nyasi zikioza leo, ng'ombe watakula nini Februari?"

"Lakini ni siku ya Bwana."

"Ndiyo, na ni Bwana aliyeleta jua. Vua koti, mwalimu. Reki ya ziada ipo."

Bwana Ormerod alikokota nyasi hadi saa tisa, kisha akahubiri dakika kumi akiwa amesimama juu ya trela. Wazee wa Skelbeck wanasema hayakuwahi kutolewa mahubiri mafupi zaidi bondeni humu, na kwamba ndiyo pekee wanayoyakumbuka.

Oktoba ni Mavuno. Meza ya mbele hujaa viazi, vitunguu, mayai, mitungi ya jamu na mkate uliofinyangwa mfano wa mganda wa ngano. Jioni huliwa chakula cha pamoja. Supu ya Bi Enid ina chumvi nyingi. Nalisema leo kwa sababu anastaafu na hana tena mamlaka ya kuninyima funguo.

Lakini atakayeuliza kwa nini mwanamke huyu anaagwa na bonde zima, Waanglikana na wasiosali wakiwemo, lazima aelezwe habari za mwaka 2001.

Machi ya mwaka huo ugonjwa wa miguu na midomo uliingia katika mabonde yetu. Sisi wenye mifugo tulijifungia kwenye mashamba yetu, tukaweka majani makavu yaliyoloweshwa dawa mbele ya mageti, na watoto wakalala kwa jamaa zao wa kijijini ili waende shule. Kanisa lilifungwa. Bi Enid hakuwa na kondoo wala ng'ombe, kwa hiyo aliweza kutembea barabarani, ingawa hapakuwa na pa kwenda.

Jumapili ya kwanza, saa tatu asubuhi, simu yangu ililia.

"Beryl, keti," akasema. "Ibada imeanza."

Aliweka mkono wa simu juu ya kinanda chake cha nyumbani, akapiga ubeti mmoja, akasoma mistari michache, akaomba kwa ajili ya nyumba yetu kwa kutaja majina, akakata. Kisha akapiga simu nyumba ya pili. Nyumba zilikuwa kumi na moja. Alimaliza saa sita mchana, sauti imemkauka. Alifanya hivyo kila Jumapili hadi Septemba.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Wilfred Hird wa Far Rigg, shamba la mwisho huko juu, mtu wa miaka sitini na moja, asiye na mke wala ndugu wa karibu. Jumapili ya kwanza aliposikiliza alisema, "Umekosea noti mbili," na Bi Enid akafurahi, kwa sababu kwa Wilfred hizo zilikuwa salamu.

Wiki ya pili ya Aprili ugonjwa ulionekana katika shamba linalopakana na lake. Kondoo wake hawakuwa wagonjwa, lakini amri ilikuwa kwamba na wa jirani wauawe. Walikuwa mia tatu na kumi, wengi wana mimba, wengine wana watoto wa siku mbili. Ilichukua siku moja. Ukoo ule wa kondoo ulianzishwa na babu yake.

Jumapili iliyofuata simu ya Far Rigg ililia bila kupokelewa. Na ile iliyofuata. Mtu wa maziwa alisema moshi unatoka kwenye bomba, kwa hiyo yu hai. Tulikuwa na hofu ambayo hakuna aliyeitamka. Bondeni humu kila mfugaji ana bunduki.

Jumatatu Bi Enid alikwenda kanisani, akafungua mlango wa jiko, akautazama. Bawaba moja ilikuwa imekatika tangu Krismasi, na tulikuwa tukiufunga kwa waya. Akaung'oa mlango mzima, chuma kizito, akautia kwenye toroli la Clifford.

"Hatakufungulia," Clifford akamwambia.

"Sihitaji anifungulie. Geti linanitosha."

Alisukuma toroli lile maili moja na nusu, kupanda tu. Afisa wa mifugo aliyekuwa barabarani alimruhusu kwa sharti kwamba chochote kitakachoingia au kutoka kiloweshwe dawa. Alipofika aliita mpaka Wilfred akatoka mlangoni. Hakuwa amenyoa, wala kufunga kamba za viatu. Alisimama hatua thelathini kutoka getini.

"Rudi nyumbani, Enid. Hapa hakuna wa kuhubiriwa."

"Mahubiri ninayo basi? Nimeleta mlango wa jiko. Bawaba imekatika."

"Kanisa limefungwa."

"Litafunguliwa. Baridi itarudi, na mimi siwezi kuwasha jiko lisilo na mlango."

"Mpelekee fundi wa mjini."

"Fundi wa mjini aliutengeneza mwaka juzi, na matokeo yake ndiyo haya."

Wilfred aliutazama mlango ule torolini. Kila mtu alijua kwamba mikono yake ilikuwa hodari kuliko ya fundi yeyote, na yeye mwenyewe alijua pia.

"Uache hapo," akasema. "Siahidi kitu."

Aliuacha, pamoja na keki ya tangawizi kwenye karatasi, akaondoka bila kugeuka nyuma. Jumatatu iliyofuata mlango ulikuwa getini, umeloweshwa dawa, una bawaba mpya mbili. Wilfred hakuwapo. Bi Enid akaupakia kwenye toroli, na mahali pake akaweka kiti cha ukumbi wetu mdogo kilichovunjika mguu.

Ikawa desturi. Kila Jumatatu kiti kimoja kilipanda na kimoja kilishuka. Mwezi Mei Wilfred alianza kumsubiri getini. Juni alikuwa amenyoa. Mwishoni mwa Juni, Jumapili moja, simu ya kumi na moja ilipokewa, na sauti ikasema, "Piga taratibu, unakimbilia wapi?"

Viti vya ukumbi ni ishirini na viwili. Kufikia mwisho wa Septemba vyote vilikuwa vimetengenezwa. Mimi nilikuwa tayari katibu wa kanisa, na nilijua hesabu ya samani zetu. Nilikumbuka vizuri kwamba kabla ya ugonjwa viti vibovu havikuzidi sita. Nikamuuliza Clifford. Alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Mimi niliambiwa nisiingie stoo siku za Jumapili mchana," akasema. "Nikisikia nyundo, nilidhani anatengeneza kitu."

Kanisa lilifunguliwa kwa Mavuno, Jumapili ya kwanza ya Oktoba 2001. Meza ya mbele ilikuwa na vitu vichache, maana wengi hatukuwa na cha kuleta. Wilfred alikuja na tai. Hakuwa na mfuko wala kikapu. Baada ya ibada nilimkuta ukumbini amesimama kati ya viti vyake, anajaribu kimoja kimoja kwa kiganja kama vinayumba. Nikamshukuru kwa niaba ya kanisa.

"Sita vya kwanza vilikuwa vibovu kweli," akasema. "Vilivyobaki vilipigwa nyundo. Mguu uliochakaa hauvunjiki hivyo."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Asingeleta tena."

Mwaka uliofuata Wilfred alinunua kondoo wapya sitini. Aliishi hadi 2017 na hakukosa Jumapili isipokuwa za Aprili. Sijui kama yeye na Bi Enid waliwahi kulizungumza jambo hilo. Mimi nalitoa leo kwa ruhusa ya Bi Enid mwenyewe, ambaye alisoma ukurasa huu, akasahihisha idadi ya kondoo, kisha akasema, "Haya, andika. Lakini usiandike kama ni jambo kubwa."

Yapo mengine ambayo nafasi hainitoshi. Mwaka 2013 sakiti ilituma wajumbe kutazama kama kanisa lenye waumini kumi na wanne lifungwe. Walimuuliza Bi Enid jengo linatumika mara ngapi kwa wiki. Aliwaketisha, akawapa chai, akawaambia wasubiri waone wenyewe. Ilikuwa Jumatano. Mpaka saa kumi walikuwa wamewapisha akina mama wenye watoto wachanga, muuguzi wa wazee na kwaya ya wanaume watano, na walikuwa wameombwa mara mbili kusogeza miguu ili sakafu ipigwe deki. Ripoti yao ilikuwa ya ukurasa mmoja, na bado tupo.

Kuanzia Jumatatu ya tarehe 7 kazi ya kutunza kanisa itagawanywa kwa watu wanne kwa zamu, maana hakuna mmoja aliyekubali kuibeba yote. Bi Enid amewafundisha kuwasha jiko, amewaonyesha dirisha linalovuja, na amewaonya juu ya viatu vyenye tope.

Nilimuuliza atafanya nini sasa. Akasema kwamba kwa miaka yote hii alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na kila mhubiri alipofikia sehemu ya tatu ya mahubiri yake, yeye ilimbidi atoke polepole akabandike birika la chai. Kwa hiyo hajawahi, hata Jumapili moja, kusikia mahubiri yanavyoishia.

"Nitakaa mbele," akasema. "Nataka kujua kama huwa tunaokoka."

Bi Enid, kwa niaba ya waumini wote wa Skelbeck, na wale waliolala makaburini nyuma ya ukuta, tunakushukuru. Mungu akupe afya, wewe na Clifford, na miaka mingi ya kukaa tu. Kiti cha mbele, upande wa dirisha, tumekuwekea mto. Chai italetwa na mwingine. Wewe sikiliza hadi mwisho, kisha utuambie.

Beryl Calvert,
Katibu wa Kanisa