Nilishuka Voi na Amana ya Mwenzangu

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Atukuzwe Mola aliyeufungua ulimi wangu, maana ulikuwa umefungwa karibu mwaka mzima!

Nimemwomba Imamu nafasi hii baada ya Alasiri, naye amenipa. Na kabla sijasema lolote, mjue kwamba Bi Esha na mumewe wamenipa idhini. Haya ninayoyasema ni aibu yangu, si yao.

Wengi wenu mwanijua. Mimi ndiye Omari wa hapa Pate aliyeacha chuo cha Kurani kabla ya kuhitimu, akaacha na shule ya Amu katika darasa la tatu, kwa kuwa alitaka kuyaona mambo yaliko. Nilitaka kujua gari la moshi hugeuzwa vipi likifika mwisho wa reli. Nilitaka kujua watu wa bara hula nini asubuhi. Nilikwenda Mombasa, nikaenda Nairobi, nikaenda Nakuru, wala hapana kazi niliyoishika zaidi ya miezi sita. Sijisifu, ndugu zangu! Nawaambia ili mjue ni mtu wa namna gani aliyepewa amana.

Nakuru nilikuwa hamali wa stesheni. Huko nikamkuta Bwana Shee, mtu wa mji wetu huu, mpishi katika hoteli ndogo ng'ambo ya reli. Siku nilipokosa mizigo ya kubeba alinipa wali wa kiporo na mchuzi, hakuniuliza nitalipa lini. Mkewe, Bi Esha, alikuwa huku. Bwana Shee alikuwa hajarudi miaka mitatu. Msidhani hakutaka! Alikuwa akiweka nauli kidogo kidogo katika kopo la majani ya chai, na kila alipokaribia, nauli ilipanda.

Ndugu zangu, ninyi mlio visiwani hamkuyaona yale. Tangazo la nauli mpya lilibandikwa ubaoni, na wasiojua kusoma walimwuliza hamali. Kwa hiyo mimi ndiye niliyewapa watu habari ile mbaya, asubuhi baada ya asubuhi. Nilimwona mama amevaa nguo zake za safari, kuku wawili kikapuni, akigeuka akirudi alikotoka. Niliona jamaa ya watu watano ikikaa chini kuchagua ni nani aende mazikoni kwa niaba ya wote. Wengine walitembea kwa miguu stesheni mbili au tatu ndipo wakate tikiti, wapate safari fupi ya kulipia. Na sisi watu wa pwani, tuliokuwa tukirudi kila Maulidi, tulianza kutumana. Anayekwenda mmoja hubeba salamu za ishirini.

Basi ikaja barua ya kaka yake Bi Esha. Dada yake amekwenda kwa kadhi, Amu. Amesema mume haonekani wala hasikiki, wala matumizi hayaji. Kadhi ametoa muda mpaka uandame mwezi wa Mfungo Pili. Barua hakuitaka, maana barua yaweza kuandikwa na yeyote. Aje mume mwenyewe, au aje mtu aliyemwona kwa macho yake, pamoja na matumizi. La sivyo ndoa itavunjwa.

Bwana Shee alikuja stesheni na barua ile, mikono ina unga.

"Nikienda sina cha kurudia," akasema. "Nauli ya mwezi ujao si umeiona pale? Nitafika Pate, nitakwama Pate, na huku mtu mwingine atashika sufuria zangu."

"Nitume mimi. Mimi sina sufuria."

Akacheka. "Wewe huna hata kijiko." Kisha akanishika bega, hakucheka tena. "Omari, usinipotelee ndiani."

"Bwana Shee! Mimi na wewe si watu wa mji mmoja?"

Akanikatia tikiti ya daraja la tatu mpaka Mombasa, siku za mwisho za nauli ya zamani, akaniongezea na nauli ya chombo cha kunileta nyumbani. Akanipa doti ya leso, na matumizi ya mkewe yamefungwa katika kitambaa. Na maneno yake yalikuwa haya: "Mwambie Esha ni hai. Mwambie sikuoa. Mwambie naomba mwaka mmoja tu." Akanitaka niyarudie. Nikayarudia. Akanitaka niyarudie tena.

Treni ilifika Voi kumekucha. Hapo reli yagawanyika, moja yaenda Taveta. Abiria mmoja akaninyoshea kidole upande ule, akaniambia kwamba mtu akifika Taveta huuona mlima wenye theluji wote, tangu chini hata kichwani. Ndugu zangu, moyo wangu uliruka! Muda wa kadhi ulikuwa bado wiki mbili na siku kadhaa. Nikashuka na mzigo wa watu mkononi.

Na hapa ndipo nilipoangushwa na mazoea ya kwetu. Mwavijua vyombo vyetu. Mtu akishampa nahodha nauli ya Amu, akashuka Faza kumwamkia shangazi yake, kesho hupanda tena, na nahodha hamwulizi kitu, maana aijua sura yake. Nikadhani nauli ni nauli. Nikadhani safari nimekwisha kuinunua, nayo itaningoja.

Nikapata lori la mkonge hadi Taveta. Nikakaa huko siku mbili. Siku ya tatu nikarudi Voi, nikasimama dirishani pa karani, nikampa tikiti yangu.

"Hii imekufa," akasema.

"Imekufa vipi? Mimi sijafika!"

"Wewe hukufika. Yenyewe imefika zamani. Na leo ni tarehe mosi, nauli ni ile ubaoni."

"Lakini nimelipa mpaka Mombasa!"

"Umemlipa nani? Mimi?"

Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu Mswahili adhani treni ni punda wa mjomba wake!" Wengine wakapaza sauti nitoke dirishani, nao wana safari. Nikatoka.

Nauli ya chombo nilikuwa nimeila Taveta. Kilichobaki ni matumizi ya Bi Esha katika kitambaa. Nikaapa sitayagusa. Ndugu zangu, sikilizeni jinsi mtu anavyoweza kupotea huku akijiona mwema! Laiti ningeyatumia, ningefika kwa wakati, na fedha ningezilipa baadaye kwa kubeba mizigo. Lakini nililinda fedha nikapoteza siku. Nikaenda kukata mkonge. Kazi ile ilinichana mikono, na mshahara wake ulikuwa haba, na nauli ile mpya ilikuwa mbele yangu kila siku kama ukuta. Ningeweza kumwandikia Bwana Shee. Niliona haya. Jioni moja nikauona mwezi wa Mfungo Pili umeandama juu ya mkonge, mwembamba, nami bado ningali Voi.

Nilishuka gatini Mtangawanda wiki sita baadaye. Mchukuzi mmoja akaniona, akanipigia kelele: "Omari! Umekuja kuposa? Bi Esha yuko edani, kadhi amevunja ndoa!"

Hapo bado pangaliwezekana kitu. Kama ningesema kweli siku ile, Bi Esha angejua kwamba mume alimtumia mtu. Eda ingekwisha, Bwana Shee angekuja, wangefunga ndoa mpya. Lakini nilikwenda kwa kaka yake, nikaweka leso na kitambaa mlangoni, nikasema, "Mzigo huu nilipewa na mtu Mombasa. Bwana Shee mwenyewe sikumwona."

Sikumwona! Mtu aliyenilisha!

Eda ikaisha. Bi Esha akaolewa na mtu mwema. Kaka yake, kwa hasira, hakuandika tena Nakuru. Na kule Bwana Shee alikuwa ametulia, akipika, akiweka nauli yake koponi, kwa kuwa alijua amemtuma mtu wa mji wake.

Mimi nikabaki Mtangawanda nikipakua mizigo. Nilijaribu kuondoka, nikaenda Manda, nikarudi. Mara ya kwanza maishani mwangu sikutamani kuona kitu chochote. Nilisimama katika safu pamoja nanyi, mkisema Amina, nami kinywa changu kikawa kizito.

Bwana Shee aliomba mwaka mmoja. Alikuja mwezi wa kumi na moja tangu anitume. Alishuka kwenye chombo na sanduku jipya la bati, akaniona, akafungua mikono.

"Omari! Mzima? Ulifikisha?"

Ndugu zangu, uwongo ulikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimeuzoea. Lakini Mola, kwa rehema yake, hakuuacha utoke! Nilikaa chini pale gatini, mbele ya wachukuzi wote, nikamwambia. Voi, lori, tikiti, mkonge, mlango wa kaka yake. Yote.

Hakunipiga. Natamani angenipiga. Alikalia sanduku lake. Kisha akauliza, "Huo mlima, uliuona?"

"Siku zote mbili kulikuwa na mawingu."

"Hata mlima hukuuona," akasema taratibu. Akamwita nahodha, akarudisha sanduku chomboni, akaondoka bila kuingia mjini. Sijamwona tena. Nimemwandikia barua tatu. Hajajibu, wala simlaumu.

Siku ile ile nikaenda kwa mume wa Bi Esha, nikamweleza, nikaomba ruhusa. Akaniruhusu, naye akiwapo. Bi Esha alisimama nyuma ya mlango.

"Sitaki hadithi ya tikiti," akasema. "Alisema nini? Nataka maneno yenyewe."

Nikayasema kama nilivyotakiwa mara mbili kuyarudia. Kwamba ni hai. Kwamba hakuoa. Kwamba aomba mwaka mmoja tu.

 Kisha akasema, "Mwaka mmoja ningempa." Na tena, "Basi umefikisha. Enenda."

Nikaenda moja kwa moja msikitini, na pale Mola akanifungua! Nililia mpaka mkeka ukalowa, nikasema Amina nikaisikia sauti yangu. Alhamdulillahi! Hakunirudishia nilichokiharibu. Ndoa ile imekwenda, rafiki yangu amekwenda. Lakini ameniondolea uwongo, na asubuhi naamka nikiwa mtu.

Ndugu zangu, siku hizi nauli imepanda, wanaosafiri ni wachache, na kila anayerudi amebeba maneno ya watu wengi. Kama yumo humu mwenye salamu aliyopewa, naye ameikalia kwa haya au kwa uvivu, namwomba asingoje Magharibi. Mtumaini Mola, humpokea hata aliyechelewa. Nyanyuka sasa. Ukiogopa kubisha hodi peke yako, mimi nitafuatana nawe hadi mlangoni.