Aliyesimama Nyuma Yangu Golini

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh! Itikieni kwa nguvu, ndugu zangu, maana huyu mnayemwona mbele yenu leo alikuwa mtu wa kuombewa, si mtu wa kusimama na kusema. Shukrani zote ni za Mola, anayefungua kila lililofungwa bila kumwomba ruhusa yeyote! Na nyinyi mama zangu mlioko nyuma ya pazia, nakusalimuni kwa heshima.

Mimi ni Faki, mtoto wa hapa hapa Tibirinzi. Wapenda mpira mnanijua kwa jina la Sumaku, kwa sababu mpira ukija kwangu ulikuwa hauondoki. Nimedaka Unguja, nimedaka Dar es Salaam, nimedaka Nampula kule Msumbiji, nimedaka Ndola kule Zambia, na mwisho nimedaka Sur, Omani, ambako jua la alasiri linakaanga hata ndala. Nimekula vyakula ambavyo mama yangu akisimuliwa anashika kichwa. Magazeti yaliniandika. Na muda wote huo, ndugu zangu, sikuwa peke yangu golini.

Nitakuelezeni ilivyoanza. Mnajua nyote kwamba timu ya mtaa ina kocha na ina kamati. Kocha anafundisha mpira, kamati inahangaikia mengine. Kamati yetu sisi ilikuwa Mzee Shaame, Mungu amrehemu, mtu mwema kabisa, aliyekuwa akitupikia mwenyewe uji wa mazoezi. Tulipoingia fainali alinichukua baada ya alasiri, tukaenda kwa fundi mmoja huko mashamba. Sikuuliza kitu. Mzee Shaame alikuwa kama baba yangu, na akisema kaa, nakaa.

Yule fundi alikuwa mzee mkavu, mpole wa sauti. Alinifunga uzi mweusi kwenye vifundo vya mikono, akasoma asomayo, akaukata ule uzi na kuutia kwenye chupa. Mikono ikaingia baridi mpaka kwenye viwiko. Kisha akamwambia Mzee Shaame, nami nasikia: "Mikono hino haitoachia mpira. Lakini nimeifunga kwa mpira tu, haina kazi nyengine. Fainali ikisha, nletee ntoto nimfungue. Usimwache alale nayo."

Ndugu zangu, yashikeni maneno hayo, maana balaa lote lilitoka hapo.

Siku ya fainali niliisikia sauti kwa mara ya kwanza. Mshambuliaji wao alibaki peke yake na mimi, na kabla hajapiga, kitu kikasema nyuma ya sikio langu: "Kulia." Nikaruka kulia, mpira ukaja wenyewe mikononi. Nikadhani ni beki wangu. Nilipogeuka, nyuma yangu hapakuwa na mtu, palikuwa na nyavu tu. Ikaendelea hivyo mpaka filimbi ya mwisho, na kombe tukalibeba sisi.

Sasa pale uwanjani alikuwepo kiongozi wa timu moja ya Unguja. Akanitaka palepale, tuondoke na boti ya asubuhi kutoka Mkoani. Nikamkumbusha Mzee Shaame habari ya kwenda kufunguliwa. Akacheka, akanipiga begani: "We nenda, mwanangu. Uganga hauvuki bahari. Mkondo wa Pemba utakuosha."

Na nyinyi mngesema vivyo hivyo! Nani hapa hajaisikia kauli hiyo kwa bibi yake? Kila mtu wa kisiwa hiki anajua kwamba dawa ya mashamba ikipita maji makuu inalegea. Basi nikapanda boti na moyo mweupe, nikasimama ukingoni kabisa nikisubiri kuoshwa. Tukafika katikati ya mkondo. Upepo ulikuwa unanipiga usoni, lakini nyuma, shingoni, kitu kikanipumulia. Kwa utulivu, kama mtu aliyepata nafasi nzuri ya kukaa na safari bado ndefu.

Ile sauti haikuwa ya kiume wala ya kike. Ilikuwa kavu, kama ya mtu asiye na mate. Na ilisema Kipemba cha shamba, ndugu zangu, hata Nampula, hata Ndola, mahali ambapo mimi mwenyewe nilipitisha miezi bila kukisikia kwa binadamu. Maneno yake yalikuwa machache: kulia, kushoto, juu, chini. Haikukosea hata siku moja. Mimi nikawa napewa mikono na mashabiki, nami napokea sifa bila haya.

Lakini watu walikuwa wanaona. Ndola kulikuwa na mpiga picha aliyeniletea picha yake. Niko hewani, mpira umo mikononi, haujafika golini. Na nyuma yangu nyavu zimefura kwa nje, zimechora mabega ya mtu aliyeegemea. Akaniuliza ni nini kile. Nikamwambia upepo. Akanitazama, akaiacha ile picha mezani kwangu na kwenda zake.

Sur ilikuwa mbaya zaidi. Ilitolewa penalti, na mpigaji wao alikuwa mtu mzima, mchezaji mzoefu. Akauweka mpira, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu. Akauokota mpira, akampa mwenziwe, akaenda kusimama mbali. Baada ya mechi alinifuata kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, bado ana jasho baridi, akaniuliza yule mzee nyuma yangu ni nani, na kwa nini amenipa mgongo. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona, nilikuwa namsikia tu.

Na mikono hii, nikishavua glovu, ilikuwa haishiki kitu. Vikombe, funguo, vijiko, vyote chini! Wenzangu walinitania kwamba Sumaku anadaka makombora lakini kikombe cha chai kinamshinda. Nami nikicheka nao. Nilikuwa sijapata kitu ambacho nikikiangusha kitaniuma.

Mola akanipa mke, Mize, msichana wa hapa hapa Chake Chake, mwenye ulimi mkali na moyo wa dhahabu. Akanipa na mtoto, Raya. Nilikuwa nimekuja likizo alipozaliwa. Mama akanikabidhi nimwadhinie, kama ilivyo ada, baba ampakate mwanawe amsomee sikioni. Nikanyoosha mikono. Wallahi, ndugu zangu, baridi ilipanda mpaka kwenye viwiko, na vidole vikaanza kufunguka kimoja kimoja, mbele ya macho yangu, kama vidole vya mtu mwengine! Mama alimwahi mtoto akiwa anateleza. Nilimwadhinia mwanangu akiwa mikononi mwa bibi yake, na watu wakadhani nalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo nikawa natafuta sababu. Mara nina mafua, mara nimechoka, mara mkono umeteguka. Mize akavumilia, halafu ikafika siku uvumilivu ukamwisha. "Weye wadaka mipira ya watu dunia nzima, ntoto wako mwenyewe humpakati. Kakukosea nini?" Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Nikaona pia jambo jengine. Nikimwinamia Raya kitandani, hanitazami. Anatazama juu ya bega langu, anacheka, ananyoosha vidole kama anayeitwa. Na ile sauti ikaanza kusema ndani ya nyumba. Niko nakula, nasikia: "Kulia." Glasi ya kulia inaanguka kwenye meza. "Juu." Taa inapasuka. Nyumba haina mpira wala mchezaji, lakini inahesabiwa mapigo kama uwanja!

Ukaingia msimu wa karafuu, nami nimerudi tena likizo. Ua wetu ulijaa majamvi, karafuu zinaanikwa, harufu mpaka kwenye shuka. Mchana mmoja nilikuwa nimesimama chini ya ngazi ya mlango, Mize anatoka ndani amembeba mtoto. Nikasikia: "Chini."

Mize akateleza. Raya akamtoka mikononi. Ndugu zangu, nilimwona anakuja! Pole pole, umbali wa mkono, mpira ambao mtoto wa madrasa angeudaka. Na mikono yangu ikaning'inia ubavuni kama nguo za kuanikwa. Mwanangu alipita mbele yangu akaanguka.

Aliangukia kwenye lundo la karafuu. Mola ndiye aliyeliweka pale, mimi sisemi vyengine! Akalia, tukamgeuza huku na huku, hana hata mchubuko. Mize alipomaliza kumtazama mtoto akanitazama mimi, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Umesikia kitu," akasema. "Sijateleza bado, weye ulishatazama chini."

Nikamweleza yote. Tukatoka siku ile ile kwenda kwa fundi. Tukakuta magofu na majani. Fundi amekufa zamani, Mzee Shaame naye ametangulia. Ndugu mmoja wa yule fundi alitutokea, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Alofunga ndo afunguaye. Marehemu kenda nayo." Na pale pale, nyuma ya shingo yangu, ile sauti ikasema neno ambalo haijawahi kulisema. Ikasema: "Wangu."

Sikujua kama inanisema mimi au mtoto. Mpaka leo sijui, na sitaki kujua.

Mize ndiye aliyenivuta mpaka kwa Shehe Kombo, huyu mnayemwona amekaa hapa na kujifanya hasikii anapotajwa. Nilimwambia kwamba aliyenifunga amekufa. Akanikemea! "Nani kakwambia Mola angoja ruhusa ya maiti?" Kisha akaniuliza jambo moja: kisomo kikishika, yule hatokusaidia tena uwanjani, nawe hutodaka tena ulivyokuwa ukidaka. Uko radhi?

Nilinyamaza. Timu ya Sur ilikuwa inanisubiri, na bila ile sauti nilijua mimi ni kipa wa kawaida, pengine chini ya kawaida. Mize alikuwa upande wa pili wa pazia, akausikia ule unyamavu wangu. Raya akapiga kelele ya njaa, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kupima. Nikasema, niko radhi, Shehe, na ichukuliwe yote.

Tukaanza kisomo nyumbani kwangu, kila siku baada ya alasiri, milango wazi. Moshi wa ubani ulikuwa unapanda wima, ukifika nyuma yangu unapinda, kama unaopita pembeni ya mtu. Waliokuwepo waliona. Wengine hawakurudi siku ya pili, nami siwalaumu.

Siku ya mwisho, Shehe Kombo akiwa anasoma bila kukatisha, akamwashiria Mize amlete mtoto. Mize akakataa kwa kichwa. Alikuwa amemwona mwanawe akianguka mbele yangu, mnataka afanye nini? Shehe akaashiria tena. Mize akaja, akamweka Raya juu ya mikono yangu, na akaachia.

"Chini," ikasema sauti. "Chini. Chini."

Ndugu zangu, mwili wangu ulikuwa umeitii sauti ile miaka yote. Magoti yalianza kukunjika yenyewe, baridi ikapanda, kidole cha kwanza kikafunguka. Nikapiga kelele: "La! Mola wangu, mshike Wewe, mimi sina mikono!"

Na nikasikia uzito. Uzito wa mtoto, na joto lake, na mkojo wake, maana aliniloweka palepale! Vidole vyangu vikajifunga juu ya mgongo wake kimoja kimoja. Nyuma yangu pazia la mlango wa uani likasukumwa kwenda nje, na kuku waliokuwa uani wakagawanyika huku na huku, kama wanaompisha mtu anayepita katikati yao. Kisha wakarudi kudonoa. Allahu akbar!

Nilirudi Sur. Mechi ya kwanza nilipigwa mabao ambayo hata Mize angeyazuia. Bao moja lilipopita chini ya kwapa nikageuka kutazama nyuma, nikaona nyavu tu, nyavu za watu wote. Nikacheka peke yangu golini, mashabiki wakanizomea. Mkataba ukaishia hapo, nikarudi kwetu. Sasa nafundisha makipa wa mtaa, na nawaambia wazi kwamba wengi wao ni wazuri kuliko nilivyokuwa mimi.

Vijana wa kamati, nakuoneni mlivyojibana kwenye nguzo. Nakuombeni kwa jina la Mola, mwacheni kipa wenu na mikono yake. Mpira ukimpita, umpite. Na wewe uliyefungwa na mtu ambaye ameshakufa, au hata humjui, usiende kumtafuta makaburini. Yupo aliye hai asiyekufa. Njoo kwake na woga wako ulivyo, kama nilivyokuja mimi, sikuwa na imani kubwa, nilikuwa na mtoto tu.

Mtanisamehe nimesema muda wote na mkono mmoja. Raya amelala hapa begani tangu nilipoanza, amekuwa mzito siku hizi. Mkono umeshikwa na ganzi mpaka kwenye kiwiko, Shehe ananiashiria nimpe mtoto anisaidie, na Shehe atanisamehe pia, simpi mtu.