Plagi Tatu za Nyuma: Historia ya Jedida Kadii Mwaringa

Mchungaji, wazee wetu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja hapa Marafa leo Jumamosi, tarehe 22 Machi 2025, shikamooni. Anayesimama mbele yenu ni Idah Mwaringa, kifungua mimba wa marehemu, na karatasi aliyoishika ameiandika mwenyewe, kwa sababu ile aliyoletewa na kamati ya mazishi ilisema kwamba mama yake alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, na Idah alijaribu kuyasoma maneno hayo mara tatu, akaiweka kando.

Marehemu Kadii alizaliwa tarehe 4 Agosti 1970, hapa hapa Marafa, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kazungu Nyule na Mama Sidi, ambaye ameketi hapo mbele na anajua kila kitakachosomwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, akawashinda wavulana wote wa darasa lake, akaitwa kidato cha kwanza, na hakwenda, kwa kuwa karo ilitosha mtoto mmoja na aliyechaguliwa ni kaka yake. Marehemu hakulilalamikia jambo hilo maisha yake yote. Idah analilalamikia leo kwa niaba yake, kisha anaendelea.

Mwaka 1988 alikwenda kukaa kwa shangazi yake Malindi, akawa anapika mahamri na mbaazi na kuwapelekea mafundi wa gereji ya Fundi Twahir, nyuma ya soko. Asubuhi ya tarehe 9 Mei 1990 alimkuta Fundi Twahir amelalia injini ya gari la hoteli moja ya Watamu, mkono umekwama hadi kwenye kiwiko, anatafuta plagi za nyuma, huku akitoa maneno ambayo hayasomwi msibani. Kwa sisi tusioshika spana, gari la aina hiyo lina plagi sita, nazo ndizo zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, tatu ziko mbele na mtu huzifikia huku akipiga soga, na tatu ziko nyuma, zimebanwa kati ya injini na bati la kabini, juu yake mabomba na nyaya, hazionekani kwa jicho, hufuatwa kwa vidole tu. Kadii aliweka sinia chini, akamwamkia fundi, akaomba ajaribu, watu wakacheka, mkono wake mwembamba ukazama hadi kwapani, na plagi ya kwanza ikatoka kabla mahamri hayajapoa.

Fundi Twahir, ambaye leo ana miaka themanini na moja na amekuja kutoka Malindi kumzika mwanafunzi wake, alimpa kazi siku ile ile, na akamfundisha kwamba injini iachwe ipoe kabisa, maana plagi ikifunguliwa ya moto hung'oka pamoja na meno ya tundu lake, kwamba plagi mpya ichomekwe kwenye kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa shibiri na izungushwe kwa vidole, ili ikienda upande mpira uteleze wenyewe kabla meno hayajaharibika, na kwamba spana ije mwisho. Sharti la nne lilikuwa la gereji ile peke yake, nalo ni kwamba plagi kuukuu zote sita zipangwe juu ya kitambaa mbele ya mwenye gari, azihesabu, ndipo boneti ifungwe. Marehemu aliyashika masharti hayo kwa miaka karibu thelathini na mitano.

Magereji ya Watamu na Kilifi yalizoea kumwazima kama watu wanavyoazimana jeki, anafuatwa na pikipiki, anaingiza mkono, anamaliza, anarudishwa, na aliyefunga boneti ndiye anayepewa shukrani na jina. Makovu yaliyokuwa kwenye mkono wake wa kulia, kuanzia kifundo hadi begani, ni ya magari ya watu ambao hawakuwahi kujua kwamba aliyeligusa gari lao ni mwanamke, na wengine wao wamekaa hapa wakijipepea.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na Mwaringa Charo, seremala wa Mambrui, wakajaliwa mabinti wawili, Idah mwaka 1995 na Dorcas mwaka 1998, na mume wake alipofariki mwaka 2016 aliendelea kukilea kizazi hicho kwa mkono huo huo, hadi akamwona mjukuu wake Kabibi.

Mwaka 2009 aliingia katika gereji ya Fundi Twahir Bwana Owen Katana, na marehemu ndiye aliyemshika kidole akakipeleka nyuma ya injini hadi akaweza. Miaka miwili baadaye Owen alibadilisha plagi tatu za mbele za gari la mteja, akafunga boneti, na alipoulizwa kuhusu za nyuma alisema nani atakwenda kuzitazama huko. Marehemu alimfungulisha upya mbele ya mteja, akamwambia, “Gari lenyewe litaziona, baba.” Owen alikasirika, akamaliza kazi, wakapatana, na alipofungua gereji yake mwenyewe marehemu alimpa kipande cha mpira kama zawadi.

Tunafika kwenye ule muda mfupi. Jumanne tarehe 11 Machi, saa tatu asubuhi, marehemu, akiwa hapa nyumbani, alishikwa na maumivu ya kifua, Dorcas akakimbia zahanati ya kanisa, na saa tatu na dakika ishirini ambulensi ilikuwa imeshaondoka hapa na mgonjwa, ikiendeshwa na Bwana Mahadhi. Ambulensi hiyo ilitengenezwa tarehe 17 Februari, na kadi yake ya matengenezo imeandikwa kwamba plagi sita zimebadilishwa, na saini iliyo chini yake ni ya Owen Katana.

Kwenye mlima wa kwanza injini ilianza kutetema, na wa kwanza kusikia hakuwa dereva, alikuwa mgonjwa, ambaye aliondoa kinyago cha hewa akamwambia Dorcas, “Huyu hakufika nyuma.” Saa nne kasoro dakika kumi gari lilizima katikati ya vichaka, si mbele si nyuma. Mahadhi alipiga simu, ambulensi nyingine ilikuwa Mombasa, akafungua boneti akaingiza mkono, mkono ukakataa kwenye kiwiko, naye marehemu akamwita aache, kwa kuwa injini ni ya moto na atang'oa meno. Dorcas anasema mama aliuinua mkono wake wa kulia, akautazama kwa muda, akaulaza tena kifuani. Walikaa pale saa moja na dakika hamsini.

Ilipotokea pikapu ya Mama Mwikali, aliyekuwa amebeba mahindi na akayamwaga kando ya barabara bila kuulizwa, marehemu aliuliza nani aliyetia saini kadi. Mahadhi akamsomea. Marehemu akasema, “Mwambieni Owen akaimalizie. Lakini ingojeni ipoe kwanza.” Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo Dorcas aliyasikia vizuri. Alifika hospitalini mjini Malindi saa sita na nusu, akafariki saa saba na dakika tano mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, na daktari alisema wazi kwamba angefika mapema angekuwa na matumaini naye.

Siku mbili baadaye Idah, ambaye mkono wake ni wa mama yake, alikwenda kwenye uwanja wa zahanati, ambulensi ilikokuwa imevutwa, na kuzitoa plagi zile tatu, zimeliwa, zina masizi, na moja kauri yake nyeupe imepasuka. Aliambiwa na kamati asimwaibishe mtu msibani. Kamati hiyo katibu wake ni Owen Katana, ndiye aliyeandika kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, ndiye aliyeleta hema hili na viti mlivyokalia, na Idah anamshukuru kwa viti, ila anaona hasira hadi macho yanamuuma kwamba mtu anaweza kubeba viti mia mbili kutoka Malindi na asiweze kunyoosha mkono shibiri mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, Bwana Mahadhi ambaye hajalala vizuri tangu siku ile na ambaye hana kosa, Mama Mwikali na mahindi yake, zahanati ya kanisa, majirani waliopika na kuchota maji, na mafundi wa Malindi, Watamu na Kilifi waliofunga magereji yao leo.

Ambulensi imevutwa hadi hapa, iko kando ya ua, boneti wazi, matundu yake matatu yamezibwa kwa kitambaa safi. Juu ya meza hii kuna plagi tatu mpya, mpira wa marehemu, na zile tatu kuukuu. Familia haikukuandalia hotuba, Bwana Owen, wala haikuombi ulie. Mchungaji amekubali kwamba jeneza halitanyanyuliwa mpaka ziingie zote tatu, na Fundi Twahir atasimama kuhakikisha. Injini imepoa.

Na wewe, Mama, umewafikia wengi mahali wasipofika wenyewe, sasa ulaze mkono huo, upumzike kwa amani.