Meshack Lerionka Parsimei: Kutoka Chini ya Bahari hadi Olmotonyi kwa Siku Moja

Huyu tuliyemzunguka hapa, ndugu zangu katika Kristo, alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Septemba 1988 nyumbani Olmotonyi, akiwa mtoto wa saba na wa mwisho wa Mzee Parsimei Sankale na marehemu mama Namnyaki. Mama alikuwa dhaifu sana baada ya uzazi ule, kwa hiyo mtoto alikulia mgongoni kwa dada yake Naisiae, binti wa miaka kumi na saba wakati huo. Alibatizwa Krismasi ya mwaka ule ule, na dada ndiye aliyemshika mbele ya mchungaji.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2006. Alikuwa mtoto wa maswali. Siku moja, akiwa darasa la tatu, alipelekwa kunywesha ng'ombe kwenye lambo. Ng'ombe wakarudi wenyewe, yeye hayupo. Mzee alimkuta katikati ya maji, kichwa kimezama, anaibuka, anavuta pumzi, anazama tena. Alimvuta kwa sikio hadi ukingoni.

"Ng'ombe wanakunywa juu. Wewe huko chini unatafuta nini?"

"Naangalia tu, baba. Kumetulia."

Mzee aliishusha fimbo bila kumchapa, ila kuanzia siku ile hakupenda kabisa habari za maji. Mama naye kila akiomba jioni alimtaja Meshack wa mwisho, peke yake.

Baada ya shule alibeba mizigo ya wageni Mlima Meru na Kilimanjaro kwa miaka sita. Mwaka 2013 aliteremka Tanga, akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye boti ya wazamiaji. Boti hiyo huchukua wageni kumi na wawili kwa siku saba, wanakula humo na kulala humo, ikipita kisiwa kimoja hadi kingine upande wa Pemba. Kila siku wageni huzama mara tatu, mara nne, na mitungi ya hewa mgongoni, kwenda kutazama samaki na miamba ya matumbawe. Meshack alijifunza pole pole, na mwaka 2016 akapata cheti cha kuwaongoza. Yeye ndiye aliyeshika kibao cha majina. Mgeni akishuka majini, jina linageuzwa. Akirudi, linageuzwa tena. Boti haikuwashwa injini mpaka kila jina limerudi mahali pake. Kwa miaka tisa hakuacha mtu nyuma.

Tarehe 20 Desemba 2014 alifunga ndoa takatifu na Ruth Eliamini wa Kikatiti. Mungu aliwapa watoto wawili, Silantoi na Gadiel. Alikuwa baba mpole. Akiwa nyumbani, yeye ndiye aliyemsuka Silantoi nywele, majirani wakamtania wakachoka.

Krismasi ya mwaka 2023, familia ikiwa mezani, aliulizwa kwa nini kila akimaliza safari analala Tanga siku mbili nzima ilhali mke anamngoja. Akaeleza. Mtu akizama siku nyingi mfululizo, hewa ile ya mtungi huingia kwenye damu na kwenye nyama. Ni lazima itoke taratibu, mtu akiwa ametulia usawa wa bahari. Akipanda mahali pa juu kabla ya muda wake, hewa hiyo hutoka kwa povu humo humo mwilini.

"Kwani bwana mdogo umekuwa soda?" akasema kaka yake Abdiel, na meza nzima ikacheka.

"Cheka tu, kaka. Nimemwona Mzungu, kijana mwenye nguvu, ameibuka haraka, akakaa kwenye ubao wa boti akaomba maji ya kunywa. Hakusimama tena. Na Arusha hii yote, kwangu mimi, ni juu."

Naisiae alicheka na wengine, akamwongezea wali.

Mwezi wa pili mwaka huu Mzee Parsimei alizidiwa na kifua. Ninyi mnaijua desturi yetu: baba akiona siku zake zinakaribia, huita watoto, na kitindamimba hupewa baraka ya mwisho kwa maziwa na kuwekewa mikono kichwani. Asipokuwepo, hapewi mwingine kwa niaba yake. Jumanne tarehe 11 Februari, saa tatu asubuhi, mzee alikataa uji, akasema, "Mleteni Lerionka. Kesho sipo." Naisiae akapiga simu.

Alfajiri ya siku hiyo nanga ya boti ilikuwa imenasa kwenye mwamba karibu na Tanga, na Meshack alikuwa amezama mara tatu kuitoa, mita thelathini na tano kwenda chini. Ndiyo kwanza boti ilikuwa imefika Tanga. Alimwambia dada, "Nipe mpaka keshokutwa."

"Keshokutwa utakuta kaburi," dada akajibu. "Lerionka, mimi nilikubeba. Panda gari."

Akasema, "Sawa, dada."

Romanus wa Rombo, mpishi wa boti, yupo hapa nasi. Anasema alimshika begi pale stendi. "Nikamwambia, lala hata leo tu. Akaniambia, mzee hawezi kulala na kunisubiri." Basi liliondoka saa nne. Alipofika Same alimtumia Ruth ujumbe kwamba vidole vinachonyota. Huko mbele barabara ikazidi kupanda.

Alifika Olmotonyi jua likizama. Mzee alikuwa bado hai. Meshack akapiga magoti kando ya kitanda, akanyunyiziwa maziwa, mikono ya baba ikawekwa kichwani, na wote wakasema Amina. Kisha akabaki pale chini. "Baraka imekuwa nzito!" Abdiel akasema, na watu wakacheka mara ya mwisho katika nyumba ile. Meshack hakucheka. Alikuwa anaitazama miguu yake.

Walimkanda kwa mafuta ya kondoo, wakamnywesha supu ya mizizi, wakidhani ni uchovu wa basi. Asubuhi zahanati ilipima malaria, hakuna, ikamtundikia maji. Saa nne Romanus alipiga simu kujua hali, na Naisiae akamweleza. Upande wa pili kukawa na kelele: "Mshusheni! Mpeni oksijeni, mama, mshusheni upesi!" Hospitali ya mjini ilimpa oksijeni, na daktari akasema tiba yake, chumba cha hewa yenye shinikizo, iko pwani tu, na haifai kumrusha kwa ndege. Gari la wagonjwa liliondoka saa nane mchana, Ruth na Naisiae wakiwa ndani.

Walipopita Kikatiti aliuliza kama mzee amekula. Naisiae akampigia Abdiel. Mzee alikuwa amekunywa uji, vikombe viwili. "Basi nimewahi," Meshack akasema. Hakusema tena neno lililoeleweka. Pumzi ilimwishia Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Same ikiwa imeshapitwa na bahari ikiwa bado mbali.

Wapo waliosema amechukuliwa na majini. Familia imeomba isomwe ilivyokuwa: ndugu yetu aliujua mwili wake na alijua hatari. Alikuja kwa sababu aliitwa na mtu aliyembeba mgongoni, ambaye yeye hakuwahi kumkatalia, na mtu huyo hakuwa amesikiliza alipoelezwa.

Ameacha mjane, Ruth. Watoto wawili, Silantoi wa darasa la nne na Gadiel wa miaka minne. Kaka na dada sita. Na baba yake, Mzee Parsimei, aliyepona kifua, ambaye mnamwona pale amekaa mbele, na ambaye tangu Jumatano anauliza baraka ile aliyokwisha kuitoa sasa aiweke juu ya nani.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Lala salama, Lerionka, mwana wa mgongo wetu. Hakuna atakayekuita tena.