Kioo Kimebaki Nyumbani

Mama mshonaji alikuwa amepakata kompyuta ndogo ya mezani kama mtoto mchanga. Fundi simu aliyekaa naye kwenye basi akaisifia: haili umeme, haina kelele. "Ila ikifa imekufa, mama. Haifunguki."

"Hata hivyo afadhali, mwanangu. Nimebadilishana dukani na lile boksi kubwa la kompyuta la marehemu mume wangu, lilikuwa linanguruma kama mashine ya kusaga."

"Picha zake ulizihamisha?"

"Nizihamishe, kwani zinakwenda wapi? Kioo cha kompyuta kipo nyumbani. Zimo humohumo, nilikuwa naziona kila siku."

Fundi akatazama nje. Picha hukaa kwenye boksi, na dukani boksi la kubadilishana hufutwa siku hiyohiyo.

Basi likasimama. "Nishikie hii nishuke, mwanangu," mama akasema. "Leo nikishaiunganisha, naanza na picha ya harusi yetu."