Chumba cha Majaribio cha Mzee Sadoki

Mgeni rasmi, Dk. Anande Nathanaeli, Mheshimiwa Diwani, wazazi na majirani zetu,

UKARIBISHO
Sisi tuliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha redio hapa Lemara tunakukaribisha nyumbani. Itifaki inatutaka tukuite mgeni rasmi, nasi tunatii, ingawa wengi wetu tulikuzoea ungali mtoto, ukija getini na chupa ya chai ya mama yako, Nashilu, aliyekuwa akichomelea waya meza ya pili.

HISTORIA
Miaka ile hakuna redio iliyotoka bila kujaribiwa. Saa nne asubuhi zilifunguliwa zote pamoja, na harufu ya risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka ikafika hadi barabarani. Hatujasikia tena sauti kama ile ya redio zote kwa pamoja. Soko huria lilipokuja, redio za nje zilijaa madukani, na mwaka 1993 geti likafungwa. Tukatawanyika, wengine wakalima Moshono, wengine wakatengeneza pasi Kimandolu.

Msimamizi wa chumba cha majaribio alikuwa Mzee Sadoki, huyu aliyekaa mbele. Ndiye aliyekuonyesha kitaa chekundu, kidogo kama punje ya hindi.

“Ndani hakuna waya unaoungua,” alikuambia. “Umeme ukivuka mpaka wa vipande viwili vilivyounganishwa humo, unashuka kama mtu anayeshuka ngazi. Nguvu unayoiacha ndiyo mwanga.”

“Kikikatwa kiwe kidogo sana, rangi itabadilika?” ulimuuliza.

Mzee akavua miwani. “Sijui. Nenda kasome, uje unifundishe.”

MAFANIKIO
Juzi ulifika kwake na vichupa vitatu. Ulipovimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, kimoja kiling’aa chekundu, kingine kijani, cha tatu buluu. Ukasema ndani ni kitu kilekile. Kinachotofautiana ni ukubwa wa chembe, nazo ni ndogo hata jicho halizioni. Ukaeleza kwamba zikikaribiana mno nguvu huhamia kwa chembe jirani, na mwanga hufifia. Mzee alikuuliza maswali saa nzima. Mama yako, aliyefuatana nawe, akasema, “Chai nimeipasha mara mbili, nyie mnaangalia vichupa.”

CHANGAMOTO
Chumba kile bado kipo, na meza na vipimo vyake. Mwenye jengo atakibomoa mwezi ujao apanue ghala la mitumba. Tumemwendea mara nne. Anatupokea vizuri, anatuuliza habari za watoto, kisha anauliza sisi wazee tunataka chumba cha nini.

MAOMBI
Hatuombi kiwanda kirudi. Tunaomba utusindikize kwa mwenye jengo kesho, umweleze kuwa wanafunzi wa sekondari za hapa wanaweza kujifunzia chumbani humo. Tuko kumi na mmoja, tutafundisha bila malipo. Mikono bado inakumbuka. Somo la kwanza atafundisha Mzee Sadoki. Sentensi inayofuata alitukataza kuisoma, nasi tumekubaliana kuisoma: daktari amesema macho yake hayatamaliza mwaka huu.

Mwenyezi Mungu akutunze wewe na mama aliyekulea, na akujalie safari njema utakapoondoka.

Ni sisi,
Umoja wa Waliokuwa Wafanyakazi wa Kiwanda cha Redio, Lemara, Arusha.
Imesomwa na Chiku Uwesu, Katibu, Agosti 2001.