Marahaba ya Mwalimu Elina

Jumatano, tarehe 31 Desemba 1975, Mwalimu Elina Nkungu atastaafu baada ya kufundisha miaka thelathini, yote katika shule yetu hii iliyo nje kidogo ya Ulemo. Alifika Januari 1946, msichana mwembamba mwenye sanduku la bati na sauti ambayo, kwa maneno ya waliokuwapo, iliwafanya ng'ombe wa jirani waache kunywa maji. Mimi sikuwapo, na ng'ombe sijawauliza. Lakini nimefanya kazi naye tangu 1959, na kwa niliyoyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, habari ya ng'ombe naiamini.

Wasifu huu nimeombwa niuandike mimi, Petro Mkumbo, mwalimu wa hesabu, mtu pekee katika chumba cha walimu ambaye Mwalimu Elina amewahi kumtoa kwenye kwaya. Ilikuwa mwaka 1961, tukijiandaa kuimba siku ya Uhuru. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia kwamba madirisha ya darasa kubwa yanahitaji mtu wa kuyafunga wakati wa nyimbo, maana upepo wa Singida tunaujua. Madirisha yale hufungwa kwa nje. Tangu hapo nimekuwa nikimsikiliza kupitia upenyo wa mbao, na sina malalamiko.

Amefundisha kusoma, kushona na usafi wa mwili. Vizazi viwili vya hapa vimejifunza herufi kwake, na baadhi ya wazazi watakaokaa viti vya mbele leo aliwahi kuwakata kucha. Lakini kazi iliyomkalia moyoni ni kuwaandaa watoto wanaomaliza shule. Kwake yeye, mtoto hakuwa amemaliza kwa kufanya mtihani tu. Alitakiwa asimame mbele ya wazazi, aimbe sehemu yake, asikike. Hata mwenye sauti ya kukwaruza alipewa mstari wake na akaulea mpaka ukakaa. Mtoto hakumtoa hata mmoja. Uvumilivu wake ulikuwa unaishia kwa watu wazima.

Mwaka 1968 kazi hiyo ilikaribia kufutwa. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka uliotangulia, shule zote zilikuwa zinajitegemea, na sisi tulikuwa na shamba la mtama lililotuzidi nguvu. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Simeoni, aliona vipindi vya kuimba vinakula muda wa jembe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima, na kila alipopita njiani aliona magugu. Mjadala ukafika Kiomboi, makao makuu ya wilaya, na huko ikaamuliwa kwamba watoto wa darasa la saba watarekodiwa mwisho wa mwaka. Wakubwa wa elimu wangekaa na kamati kuisikiliza tepu, na kama ingeonekana watoto hawakujifunza kitu, kuimba kungeondolewa kwenye ratiba moja kwa moja.

Mwalimu Elina aliposomewa uamuzi huo alisema sawa, akaenda zake darasani. Nilimwona akishika chaki. Akaanza kuandika ubaoni maneno ya wimbo.

Siku ya pili yake alihamishia mazoezi shambani. Tangu palizi ya Februari watoto wale walilima wakiimba, majembe yakishuka kwa mapigo ya wimbo, sauti ya kwanza mistari ya kulia na sauti ya pili mistari ya kushoto. Aliyeishiwa pumzi katikati ya mstari wa wimbo aliurudia pamoja na mstari wa mtama. Mzee Simeoni alikuja asubuhi moja kukagua kama majembe yamelala. Alikuta shamba jeupe, bila gugu, na wimbo unaendelea, akasimama pale muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji, akaondoka bila kupata la kulalamikia.

Ikabaki shida ya mashine ya kurekodia. Hakuna mtoto aliyewahi kuiona, na sisi walimu wengi wetu tulikuwa hivyo hivyo. Mwalimu Elina akachukua kopo tupu, akalichomeka kwenye fito, akalisimamisha mbele ya darasa. Akawaambia kwamba nyuma ya kopo lile wamekaa wazee wa Kiomboi, na mama zao, na watu wengi wasioonekana, na kwamba hao ndio wa kuimbiwa, si kopo. Wiki nzima watoto waliimbia kopo. Waliamini kila neno.

Novemba akaja Ndugu Gabrieli, afisa utamaduni, na mashine yake ndani ya Landrova. Alikuwa ametoka kuzunguka shule nyingine, na tepu iliyobaki ilitosha nyimbo mbili tu. Mvua nayo ilikuwa imeshatanda juu ya vilima, na ikianza kupiga mabati hakuna cha kurekodi. Akaamuru kimya kabisa. Asikohoe mtu, asisogeze mtu benchi, na mwalimu asitoe sauti, aongoze kwa mikono tu. Mimi nikafunga madirisha kama kawaida yangu, nikaweka jicho kwenye upenyo.

Tepu ikaanza kuzunguka. Ndugu Gabrieli akainua mkono. Watoto wakakiinamia kidogo kipaza sauti cha mashine, wakasema kwa pamoja, "Shikamooni." Kisha wakanyamaza, wakangoja.

Mwalimu Elina hakuwafundisha hivyo. Lakini ni nani hapa kwetu aliyemlea mtoto aanze kuimba mbele ya wazee kabla hajawaamkia? Na akishaamkia, nani alimruhusu kuendelea kabla hajaitikiwa? Mazoezini kopo lilikuwa kopo. Siku ile ndiyo iliyokuwa siku yenyewe, na wazee walikuwa wamefika. Sasa wazee hawakuitikia. Ndugu Gabrieli alizungusha mkono kwamba waendelee, nao wakamtazama kwa heshima, wakaendelea kungoja. Tepu ilikuwa inakwenda, na vipindi vya kuimba vilikuwa vinakwenda nayo. Stumai, binti aliyepangiwa kuanzisha wimbo, midomo ilianza kumcheza. Alidhani wamewaudhi wakubwa. Akasema tena peke yake, kwa sauti ndogo, "Shikamooni."

Mwalimu Elina, mikono ikiwa juu, alikuwa ameamriwa asitoe sauti. Akaitoa. Hakukemea wala hakuharakisha.

"Marahaba, wanangu," alisema. "Tunawasikia."

Wakaimba. Nimekaa miaka saba nikitafuta namna ya kuyaandika yaliyofuata, na bado sijaipata, kwa hiyo nitasema tu yaliyonipata mimi. Niliisikia pumzi ya watoto wote ikivutwa mara moja, kama ile ya shambani, kisha Stumai akafungua mdomo, na wenzake wakajiunga naye chini taratibu, sauti juu ya sauti, mpaka mbao za dirisha zikatetemeka shavuni mwangu. Nilikuwa nawajua wale watoto. Nilikuwa nawapa sufuri za hesabu kila Ijumaa. Sikujua kwamba kitu kikubwa namna ile kilikuwa kinakaa ndani yao, kikinywa uji pamoja nasi kila asubuhi. Niliogopa, nasema kweli, kama mtu anavyoogopa akiingia mahali patakatifu na viatu vya matope. Wimbo wa pili ulipoisha tepu nayo ikaisha, na matone ya kwanza yakagonga bati. Ndugu Gabrieli alichelewa kuzima mashine, alikuwa anafuta macho.

Ya Kiomboi alitusimulia Ndugu Gabrieli mwenyewe. Anasema tepu ilipotoa ile shikamooni, meza nzima iliitikia marahaba kabla haijakumbuka kwamba inaongea na mashine. Stumai alipoamkia peke yake, Mzee Simeoni alimwitikia tena, yeye peke yake, akainamisha kichwa. Baada ya hapo wakasikiliza nyimbo zote mbili mpaka mwisho. Vipindi vya kuimba vikabaki kwenye ratiba, na palizi iliyofuata Mzee Simeoni ndiye aliyeulizia kwa nini watoto wanalima kimya.

Tangu mwaka ule kila darasa linalomaliza huanza kwa kuamkia, na ukumbi mzima huitikia ndipo wimbo uanze. Wageni hudhani ni agizo la serikali. Stumai leo ni mwalimu huko Mtinko, na nimesikia kwamba darasani kwake kuna kopo juu ya fito.

Nilipokuwa naandaa sherehe hii nilitaka tusikilize sauti ya Mwalimu Elina. Nikazipitia tepu zote ambazo Ndugu Gabrieli ameturekodia kila mwaka, kuanzia ile ya kwanza mpaka ya mwaka jana. Watoto wamo, mamia yao. Yeye yumo kwenye kila wimbo, na hasikiki popote. Miaka thelathini amewafanya wengine wasikike, na alichotuachia cha kwake ni yale maneno matatu ambayo alikatazwa kuyasema.

Kwa hiyo, Mwalimu, kuna jambo halimo kwenye ratiba uliyopewa. Ndugu Gabrieli yupo, na mashine yake ameificha chini ya meza ya chai. Stumai yupo, na wenzake wa miaka yote waliojaliwa kufika. Watoto wa mwaka huu wakimaliza kuimba tutasimama sote, wakubwa kwa wadogo, na tutakuamkia. Tepu itakuwa inazunguka, na ni mpya kabisa.

Asante kwa watoto wetu, na asante kwa sisi tuliokusikiliza tukiwa nje. Mungu akupe afya, mvua za wakati wake, na wajukuu wenye sauti. Maisha yako ya mapumziko yawe mema kama asubuhi ulizotupa. Tukishakuamkia, usiharakishe kujibu. Ukishajibu, imba, wewe peke yako, tukusikie. Madirisha nitakuwa nimeshayafunga, na safari hii nitakuwa ndani.